Jina la Orrin Kwenye Uzio

Mei 20

Wameniletea mpangaji wa mwaka huu. Timu yetu ya Korongo haijawahi kuwa na pesa za kulaza wachezaji hotelini, kwa hiyo kila msimu wa besiboli ukianza, sisi wenyeji wa Marlow Bend hugawana vijana kama watu wanaogawana watoto wa paka: huyu chukua wewe, yule mpelekeni kwa mchungaji. Mimi nimepata Dallin Pruett wa Oklahoma, mpigaji. Mwembamba, shingo ndefu, masikio ya kutosha kumwazima jirani. Adabu anayo. Ananiita "mama" kila akifungua mdomo.

Nikamsomea sheria za nyumba. Njumu zibaki barazani. Mlango wa jokofu hauachwi wazi. Na kile kiti cha ngozi pale dirishani hakikaliwi.

"Cha nani, mama?"

"Cha mume wangu, Orrin."

"Anarudi saa ngapi?"

Nilicheka mpaka ikabidi nishike meza. Orrin yuko makaburini mwaka wa thelathini na mbili sasa. Kijana wa watu akawa mwekundu hadi masikioni, na kwa masikio yale ilikuwa kazi kubwa.

Mei 23

Mechi ya kwanza. Nimekaa pale pale ninapokaa siku zote, nyuma ya benchi letu, na kulia kwangu Milo Hruska, aliyekuwa mdakaji wa timu enzi za Orrin. Siku hizi kazi yake ni kula karanga na kunichokoza.

"Retta, hilo gauni la kijani bado liko hai?"

"Liko hai kuliko magoti yako."

Kutoka pale naliona jina. Liko kwenye uzio wa mbao wa upande wa kushoto, kwa herufi nyekundu zenye kimo cha mtoto wa shule: VANDEHEY 36. Kiangazi cha mwaka 1958 mume wangu aliupiga mpira ukavuka uzio mara thelathini na sita, na tangu hapo hakuna mchezaji wa Korongo aliyemfikia. Kiwanda cha vifungo alichofanyia kazi kila kipupwe kimefungwa, daraja la zamani limebomolewa, na mtoto hatukujaliwa. Kilichobaki cha Orrin ni lile jina. Kila Mei napanda ngazi mwenyewe kulipaka rangi upya.

Desturi ya hapa ni kwamba rekodi ikivunjwa, mwenye rekodi ya zamani au mtu wake ndiye anayeshika brashi kulifuta jina, kisha mpya anaandika lake. Mzee aliyevunjiwa rekodi na Orrin alikuja na mikongojo, akafuta, akampa Orrin mkono, akaenda zake bila kugeuka. Mimi nilikuwa nimevaa kofia mpya na nikaona ni jambo zuri sana.

Nyuma ya uzio ni kinamasi, na vyura wake hupiga kelele jioni nzima. Leo Dallin aliposhika gongo la kupigia kwa zamu yake ya tatu, vyura wakanyamaza. Wote, kwa pamoja. Mrushaji akarusha, Dallin akapiga, mpira ukapita juu ya jina la Orrin ukaingia kwenye matete. Sikuusikia ukianguka. Kisha vyura wakaendelea.

"Umesikia?" nikamwuliza Milo.

"Nisikie nini?" Alikuwa amesimama anapiga makofi, karanga zote chini.

Mei 24

Amevusha tena. Baada ya mechi akanijia moja kwa moja, hajanawa hata uso.

"Mama, jana ulipika kuku na tambi juu ya viazi vya kuponda. Na ulivaa gauni hilo. Na leo pia."

Nikajua kinachofuata, mimi si mgeni wa wachezaji. Mchezaji akishikwa na bahati, hakuna kinachobadilishwa: si chakula, si nguo, si njia ya kwenda uwanjani, mpaka bahati yenyewe iondoke. Orrin alivaa soksi zilezile kiangazi kizima na nikakatazwa kuzifua. Basi haya, gauni la kijani na kuku.

Mei 30

Kuku na tambi. Amevusha.

Juni 5

Wamerudi kutoka safarini. Huko alivusha mara moja tu, kwa shida. Hapa, leo, mara mbili, na zote juu ya jina la Orrin, kana kwamba uzio una mlango pale na sehemu nyingine zote zimefungwa. Kuku na tambi.

Juni 10

Mvua, hakuna mechi, nikataka kukaanga samaki. Dallin akasimama mlangoni mwa jikoni akimtazama yule samaki kama amemfumania mwizi. Nikamrudisha kwenye barafu, nikatoa kuku.

Juni 17

Mji mzima umeambukizwa. Kinyozi hanyoi mtu Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ile ya kwanza duka lilikuwa limefungwa. Mchungaji ametuimbisha wimbo uleule wa kufungulia ibada Jumapili ya nne mfululizo, na hakuna aliyeguna. Gari la Stecker, mwenye timu, linaegeshwa uwanjani upande upande, tairi moja juu ya majani, kama alivyoliacha siku ile akiwa na haraka. Leo asubuhi muuza mikate alinifungia mkate mweusi kabla sijafungua mdomo. Nilitaka mweupe. Nikauchukua mweusi nikasema asante.

Juni 26

Ile shingo ndefu siioni tena. Sijui iliondoka lini. Dallin amekata mikono ya mashati yake kwa mkasi wangu wa jikoni kwa sababu hayampiti, na akikata majani ya uani bila shati mgongo wake una vipele vyekundu kama mtoto mwenye surua. Hata masikio yake sasa ni ya kawaida, maana kichwa kimeyafuata.

Baada ya chakula nilikuwa nafuta meza nikasikia mtu anatembea juu ya changarawe nje ya dirisha. Nikatoka. Hakuna mtu. Nikarudi ndani, sauti ipo. Alikuwa yeye. Amekaa ametulia, macho kwenye ukuta, anasaga meno.

"Acha hivyo, mwanangu."

"Niache nini, mama?"

Julai 4

Sikukuu, mechi ya mchana. Amefika ishirini na mbili. Baadaye Stecker akatuchomea soseji nyuma ya uwanja, na mazungumzo yakaangukia kwa wale majitu wa ligi kuu, wanaoonekana kwenye televisheni na mikono minene kama mapaja, ambao kila mtu ananong'ona kwamba wanajidunga dawa za kusisimua misuli. Je, rekodi zao zihesabiwe?

"Watu walilipa kiingilio, wakaona kwa macho yao," akasema Stecker. "Imehesabiwa."

"Mpira hauvuki wenyewe," akasema Milo. "Lazima uugonge. Hakuna sindano inayompa mtu macho."

"Mtu akiiba farasi akashinda naye mbio, tunampa kikombe?" nikawaambia. "Zifutwe. Wapo waliozipata kwa jasho lao, na majina yao yanafunikwa na hawa."

"Zote zifutwe, Retta?" akauliza Milo.

"Zote."

Milo akaiangalia soseji yake muda mrefu. "Haya," akasema.

Nikarudi nyumbani. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la magharibi, na kwenye kiti cha ngozi alikuwa amekaa mtu. Niliona kisogo na mabega tu. Yalikuwa mabega ya Orrin. Nayajua, niliyashonea mashati miaka kumi na tano. Nikaita, sijui kwa nini, nikaita jina lake.

Akageuka Dallin, polepole, wala hakushtuka.

"Nimechoka, Retta," akasema.

Hajawahi kuniita Retta. Jina hilo ni la Orrin na Milo peke yao. Amelisikia kwa Milo, bila shaka. Atakuwa amelisikia kwa Milo.

Julai 5

Leo ameniita mama. Kiti nimekilundikia magazeti.

Julai 9

Magazeti yako sakafuni, yamepangwa vizuri. Amekaa.

Julai 15

Joto la kuivisha mkate nje. Nilikuwa napaka siagi nikamkumbuka Orrin kiangazi kile cha rekodi. Alikuwa hachoki. Jumapili moja aliipaka nyumba yote rangi, kuta zote, kati ya kifungua kinywa na ibada ya jioni, huku akiongea peke yake juu ya ngazi. Chakula alikuwa anakisukumasukuma tu. Mimi binti wa miaka ishirini na mitano nikawaambia dada zangu kwamba nimeolewa na mtu aliyezidiwa na furaha. Nilikuwa najivuna kweli.

Julai 22

Nilikuwa nachambua nguo za kufua. Mfukoni mwa suruali ya Dallin kulikuwa na bomba la sindano limeviringishwa ndani ya soksi, na kichupa kisicho na karatasi, chenye mafuta ya rangi ya chai. Nikaketi juu ya tenga la nguo. Sikushangaa, na hilo ndilo lililonikera. Nilijua tangu ile shingo, nikajifanya sijui kwa sababu kijana ananiita mama.

Nikaenda ofisini kwa Stecker na kichupa kwenye leso.

"Bi Vandehey, hiyo inaweza kuwa vitamini."

"Vitamini gani zinazokula shingo ya mtu?"

"Ligi yetu ndogo haipimi wachezaji. Kisichopimwa mimi sikioni." Akanitazama kwa upole wa mtu anayeuza kitu. "Uwanja umejaa. Mara ya mwisho ulijaa lini? Enzi za mumeo. Na mwisho wa msimu anakuja mtu wa timu kubwa kumwangalia. Ukiongea, kijana anarudi Oklahoma kuchimba mitaro. Unataka hivyo?"

"Nataka jina la mume wangu lisifutwe na sindano."

"Basi omba asifike."

Agosti 5

Amefika thelathini na moja. Leo nimevaa gauni la bluu.

Sikukosea kabatini, nilijua ninachofanya. Nikaingia uwanjani na ile sauti ya watu wanaoongea ikaanza kufa, mstari kwa mstari, kadiri nilivyopanda ngazi. Milo akaacha kutafuna.

"Retta, umefanya nini?"

"Nimevaa nguo."

Mama mmoja mbele yetu akageuka, akanitazama kuanzia kola mpaka pindo, akamhamisha mtoto wake upande wa pili. Kule chini Dallin alisimama na gongo likining'inia mkononi, ananiangalia. Alipoingia kupiga, vyura waliimba. Waliimba mechi nzima, hawakunyamaza hata mara moja. Akapiga hewa, akapiga hewa, akapiga hewa. Mwishoni hakuna aliyekuwa akitazama mchezo, walinitazama mimi.

Nilirudi kwa miguu, na kwenye kila baraza niliyopita viti vya kubembea vilisimama mpaka nikapita. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Nina furaha kama msichana, na ni gauni la pamba tu, nimelishona mwenyewe.

Agosti 6

Nimetoka bustanini nikakuta gauni la kijani limetandazwa kitandani kwangu, limepigwa pasi.

"Si mimi, mama," akasema Dallin. "Pasi siijui."

Nyumba zetu hapa hatufungi. Anaweza kuwa mtu yeyote.

Agosti 7

Nilikuwa nimeapa sitalivaa. Nimejikuta uwanjani nimelivaa. Amevusha mara mbili.

Agosti 14

Naandika polepole kwa sababu nataka nikisoma kesho nisijidanganye.

Nilikwenda kwa Milo asubuhi, tukaketi barazani kwake tukimenya njegere. Nikamwambia kila kitu: bomba, kichupa, Stecker. Nikamwambia nimeamua, naandikia gazeti, liwalo na liwe. Yule kijana ni mwizi, na mwizi hawezi kumfuta Orrin.

Milo akaweka bakuli chini. Akajifuta mikono, kila kidole peke yake.

"Retta, kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo kulikuwa na birika mbili za kahawa. Moja ya kawaida. Nyingine imefungwa utepe mwekundu kwenye mpini."

"Mlipenda sukari tofauti. Inahusu nini?"

"Ile ya utepe ilikuwa na vidonge, vimesagwa humo. Vya kumwamsha mtu. Marubani walipewa vitani wasisinzie. Nani alivitia, kocha au mtu wa taulo, hatukuuliza. Unacheza kila siku, basi linakurudisha alfajiri, mwili umekwisha, unakunywa ya utepe. Asiyekunywa walimcheka, wakamwambia leo unacheza uchi."

"Na wewe?"

"Kikombe kimoja. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka naogopa."

Sikutaka kuuliza. Nikauliza.

"Orrin alikuwa anaimaliza birika," akasema Milo.

Njegere zilikuwa zimeniangukia mapajani, sikuzisikia. Nilikuwa naiona nyumba yangu mwaka ule, rangi mbichi kuta zote, na mume wangu juu ya ngazi akiongea na ukuta. Nilimwona mwoshaji wa maiti, miaka mingi baadaye, akiniuliza kwa adabu kama marehemu alikuwa na tabia ya kutafuna mawe, maana meno yalikuwa yamekwisha, yamekuwa bapa. Miaka thelathini na tisa alikuwa nayo Orrin. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti na kikombe mkononi, moyo ukasimama. Daktari alisema ni moyo wa mtu wa miaka tisini. Nikakilaumu kiwanda cha vifungo, lile vumbi la magamba ya kome yanayochongwa vifungo. Nimekilaumu mpaka leo asubuhi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Haikuwa marufuku, Retta. Ilikuwa kahawa. Halafu kila Mei nakuona unaipanda ile ngazi. Ningekuambia saa ngapi?"

"Bila birika angevusha ngapi?"

"Hakuna anayejua," akasema. "Hata yeye hakujua. Aliwahi kuniuliza, tumekaa kwenye basi. Nikamwambia zote, rafiki yangu, ungevusha zote. Akageukia dirisha."

Nimerudi. Dallin amekaa kitini, miguu imenyooka, anasaga. Sasa najua ile sauti niliisikia wapi mara ya kwanza. Barua ya gazeti nimeitia jikoni motoni.

Agosti 20

Kuku na tambi.

Agosti 26

Kuku na tambi. Thelathini na tano. Chakula hakili tena, anakisukumasukuma.

Agosti 31

Jana, ugenini, alifika thelathini na sita. Yeye na Orrin wako sawa. Kesho ni mechi ya mwisho, hapa nyumbani. Stecker amekuja na kopo la rangi nyeupe, kopo la nyekundu, na brashi mpya iliyofungwa utepe wa zawadi. Aliviweka barazani kwangu kama mtu anayeleta maua ya msiba.

Baada ya ibada nilivuta kigoda nikakaa mbele ya Dallin, magoti yetu yakikaribia kugusana. Nikamweleza. Birika, utepe, meno, moyo, kiti alichokalia. Alinisikiliza vizuri. Adabu bado anayo.

"Pole sana, mama."

"Sitaki pole, nataka uache. Jina lichukue, nitakufutia bila kinyongo. Lakini hizo sindano uache, na hivyo vidonge unavyomeza bafuni ukidhani mimi kiziwi."

"Kesho yule mtu wa timu kubwa anakuja kumwangalia nani? Dallin wa Mei?"

"Dallin wa Mei nilimpenda."

"Wa Mei hakuna aliyelijua jina lake, mama. Nilikuwa na mkoba na masikio." Akacheka kidogo, na kwa nukta moja nikamwona, yule wa masikio, yuko mbali mle ndani. Kisha akasema, "Kesho vaa lile la kijani tu. Nakuomba."

"Na nikivaa la bluu utashindwa, kama siku ile."

"Siku ile hukunizuia wewe. Mzigo wangu ulichelewa posta. Sikuwa na kitu."

Karibu wiki nne nilikuwa naliogopa kabati langu mwenyewe.

"Basi la kijani la nini, Dallin? La nini kama unajua?"

Aligeukia dirisha.

"Ukivaa la kijani," akasema, "naweza kusema ni bahati."

Septemba 1

Nimevaa la bluu. Nilitaka walau mara moja ajue anachofanya wakati anakifanya.

Safari hii hakuna aliyenyamaza nilipoingia. Waliniangalia wakaendelea kula, kana kwamba gauni halikuwahi kuwa na maana. Mtu wa timu kubwa alikuwa amekaa peke yake na miwani ya jua. Dallin alinitafuta kwa macho kutoka kwenye benchi, akaniona, akainamisha kichwa.

Mara ya kwanza alipiga hewa. Mara ya pili mpira ulidakwa. Mara ya mwisho, jua likiwa chini, alisimama na gongo, na vyura wakanyamaza. Nilimshika Milo mkono. Mrushaji hakuwa amerusha bado na tayari nilijua, na nadhani hata mrushaji alijua, alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kufungua mlango uliobishwa hodi.

Ukavuka. Juu ya jina. Uwanja mzima ulikuwa umesimama unaufuata mpira kwa macho, lakini Dallin hakuuangalia mpira. Aliniangalia mimi na gauni langu la bluu, na sijawahi kuona mtu aliyeshinda akiwa na uso kama ule.

Wakanipeleka kwenye uzio. Stecker alishika ngazi. Nikapanda na rangi nyeupe nikaanza na V, na muda wote nilikuwa nafikiri jambo moja. Za Orrin zikihesabiwa, za huyu zihesabiwe. Za huyu zikifutwa, sina haki ya kupanda ngazi hii Mei nyingine. Sikulia. Mkono wangu unazijua herufi zile kuliko uso wa Orrin, na niliziondoa moja moja, na mwisho ile 36.

Nikashuka, nikampa Dallin brashi ya nyekundu. Ngazi ililia chini yake. Aliandika PRUETT, halafu 3, halafu 7, na ile 7 ikatoka imepinda. Watu wakashangilia. Nilikuwa nimesimama chini yake, na katikati ya kelele zote zile nikasikia meno.

Tulikaa mpaka watu wakaisha. Vyura hawakuendelea.

Septemba 3

Ameondoka kwenye gari la mtu wa timu kubwa. Alinibusu shavuni. "Usiwe na wasiwasi, Retta," akasema, na safari hii sikujiambia amelisikia kwa Milo.

Septemba 4

Mimi na Milo tumekitoa kiti mpaka kando ya barabara, kwa shida, tukipumzika kila hatua. Kabla ya chakula cha mchana mtu alikuwa amekichukua. Sijui ni nani, na sikuuliza.

Septemba 20

Nimekaanga samaki. Sikummaliza.

Oktoba 12

Mvua wiki nzima. Leo imekatika, Milo akanipitia kwa gari tukaenda uwanjani. Lango liko wazi, majani yamefika magotini.

Rangi aliyonunua Stecker ni ya ovyo, na tuliipaka jioni, mbao zikiwa na unyevu wa kinamasi. Imebabuka. Nyekundu yangu ya mafuta, ile ya kila Mei, imetoka chini na kupenya nyeupe. Lakini ya Dallin nayo haijaisha. Herufi zimepandana, 36 imekaa ndani ya 37, na ile 7 iliyopinda imemkata Orrin katikati. Huwezi kusoma jina la mtu yeyote.

"Stecker atakodi fundi asafishe," akasema Milo. "Sasa aandike nini?"

"Mwambie aache hivyo hivyo."

"Watu watauliza ni za nani."

"Wewe ulikuwepo, Milo, utawajibu."

Alipapasa mfuko wa karanga, hakupata. Tulisimama mpaka miguu ikalowa. Ngazi bado iko pale ilipoachwa, na sitaipanda tena.

Oktoba 19

Simu imelia nikiwa jikoni.

"Mama?"

Sauti ilikuwa nene, ikabidi nifikiri. Yuko Florida, kwenye kambi ya vijana wa timu kubwa. Wanamsifu. Ameongezeka uzito. Kuna wengine huko wakubwa kuliko yeye, akasema, inabidi akaze. Nikamwuliza kama wanampa kuku na tambi. Hakucheka.

"Mama, jina langu bado lipo pale?"

Nilitazama dirishani, ingawa kutoka kwangu uzio hauonekani. Pale kiti kilipokuwa, sakafu ina alama nne nyeupe za miguu yake.

"Lipo," nikasema.

"Linasomeka vizuri?"

"Dallin, unakula? Unalala?"

Nikadhani simu imekatika, nikaibana sikioni. Haikuwa imekatika. Alikuwepo, na kwa mbali nikamsikia mtu anatembea juu ya changarawe.